Picha Ukutani, Sauti Nyuma: Kuunganisha Spika za Bluetooth na Projekta

Filamu ya Soundtrack to a Coup d'Etat, ya mwongozaji Mbelgiji Johan Grimonprez, iliyotoka mwaka 2024, inaitaja Shinkolobwe. Urani ya mgodi huo, ulio kama kilomita 20 kutoka Likasi, ilikuwa sehemu kubwa ya ile iliyounda bomu la Hiroshima mwaka 1945, na filamu inaeleza jinsi utajiri wa eneo hilo la Katanga ulivyoyavuta mataifa makubwa katika siasa za Kongo hadi waziri mkuu wake wa kwanza, Patrice Lumumba, akauawa Januari 1961. Inachukua saa mbili na nusu, na jazi imejaa ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho: ngoma za Max Roach, sauti ya Abbey Lincoln, tarumbeta ya Louis Armstrong aliyezuru Kongo mwaka 1960. Humo muziki ni hoja. Pigo la ngoma linaangukia pale picha inapobadilika, na mtazamaji anaelewa kwa sikio kabla hajasoma maandishi.

Mkazi wa Likasi akitaka kuwaonyesha jirani zake filamu hiyo uani, kwa projekta ndogo na spika ya Bluetooth, ataweza kuviunganisha vifaa hivyo kwa dakika chache. Ila pigo la ngoma litasikika picha ikiwa imeshapita. Watu wengi hudhani spika ni mbovu, au filamu imenakiliwa vibaya. Vyote viwili ni vizima. Ndivyo Bluetooth inavyofanya kazi, na anayeelewa sababu yake anaweza kurekebisha bila kununua kitu.

Kwanza kuunganisha kwenyewe. Washa spika, kisha bonyeza kitufe cha Bluetooth hadi taa yake ianze kumeta haraka. Kwenye projekta ingia katika mipangilio, washa Bluetooth, tafuta vifaa, na jina la spika likitokea lichague. Lisipotokea, mara nyingi kuna simu ndani ya nyumba iliyozoea spika hiyo na imeshaidaka tayari. Zima Bluetooth ya simu hiyo ujaribu tena. Kuwa makini na projekta zenye chaguo la kuzigeuza ziwe spika ya simu. Hapo projekta inapokea sauti badala ya kuituma, na unaweza kutafuta spika yako usiku kucha usiione. Projekta isiyo na Bluetooth kabisa, lakini yenye tundu la hedifoni, inahudumiwa na kitumaji kidogo kinachochomekwa kwenye tundu hilo.

Sasa tuje kwenye ucheleweshaji. Sauti haitoki kwenye projekta kama ilivyo. Inabanwa iwe ndogo, inakatwa vipande, inarushwa kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, inapokelewa, inakusanywa katika akiba ndogo ndani ya spika, inafunguliwa, ndipo ipigwe. Akiba hiyo ina maana yake. Masafa ya gigahezi 2.4 yana msongamano mkubwa, kwa kuwa Wi-Fi nyingi nazo zinayatumia, na Bluetooth huruka kutoka mkondo hadi mkondo, mara 1,600 kwa sekunde, ili kukwepa kelele. Kipande kikipotea hutumwa upya, na akiba ndiyo inayoziba pengo ili muziki usikatike. Gharama yake ni muda. Kwa mfumo wa kawaida wa kubana sauti, uitwao SBC, sauti huchelewa kwa takriban milisekunde 150 hadi 250. Kwa muziki mtupu hakuna atakayejua. Kwa filamu, midomo inafunga na neno bado linakuja.

Sikio la binadamu limezoea sauti ichelewe kidogo, kwa sababu maumbile yenyewe yametufundisha hivyo: umeme wa radi unaonekana, ngurumo inafuata. Kinyume chake hakitokei popote duniani. Ndiyo maana mapendekezo ya kimataifa ya utangazaji, ya shirika la ITU, hayalingani pande zote mbili. Watazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia kwa milisekunde 45, lakini ikichelewa hugundua ikifika kama 125. Bluetooth ya kawaida inaupita mpaka huo. Ongeza na umbali wa uani: sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliyekaa mita kumi kutoka kwenye spika anaongezewa milisekunde 30 hivi. Spika basi ikae kando ya skrini, juu ya kigoda au meza, ipite vichwa vya watu. Miili yetu ina maji mengi, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo safu moja ya watu waliosimama katikati inatosha kukatakata sauti.

Dawa ninayoipendekeza kuliko zote ni kuiondoa projekta katika kazi ya sauti. Ikiwa filamu iko kwenye kompyuta, tuma picha tu kwa kebo ya HDMI, na spika iunganishe moja kwa moja na kompyuta. Kisha fungua filamu kwa programu ya VLC, ambayo ni ya bure. Kwenye Windows, kila unapobonyeza herufi J sauti inasogezwa mbele kwa milisekunde 50. Herufi K inairudisha nyuma. Tafuta mahali mtu anapopiga makofi au ngoma, bonyeza J mara tatu au nne, tazama, sikiliza, rekebisha. Ukishapata kipimo cha spika yako kiandike, maana kwa kompyuta na spika zilezile kitabadilika kidogo sana.

Simu nazo zina akili yao. Programu nyingi za video kwenye simu zinajua kwamba sauti inakwenda Bluetooth, na zinaichelewesha picha kimyakimya ili vifike pamoja. Lakini ukirusha picha ya simu kwenye projekta bila waya, halafu projekta nayo ikarusha sauti kwenye spika, hesabu ile inavunjika, na ucheleweshaji unajipanga mmoja juu ya mwingine.

Wanaotaka spika mbili, kushoto na kulia, wanunue mbili za aina moja zinazoweza kuoanishwa zenyewe kwa zenyewe. Sauti ya kuzunguka chumba kizima, ya spika tano na ya besi, haipiti kwenye Bluetooth ya kawaida. Hiyo inabeba njia mbili tu.

Katanga imeshaigusa historia ya spika kuliko wengi wanavyojua. Kwa miongo kadhaa spika nyingi bora duniani zilitumia sumaku ya alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Mei 1978 vita vilipoifikia Kolwezi, moyo wa machimbo ya kobalti, bei ya madini hayo ilipanda mno, na watengenezaji wa spika wakahamia kwenye sumaku za feraiti, nzito zaidi lakini za bei nafuu. Wapenzi wa vifaa vya zamani wanazisaka spika za alniko hadi leo. Na kobalti haikuondoka kwenye spika moja kwa moja. Imerudi kwa mlango mwingine, ndani ya betri nyingi za lithiamu zinazoendesha spika zisizo na waya. Mji wa Likasi, ambako viwanda vya Shituru vimesafisha shaba na kobalti kwa miaka mingi, una haki ya kusikia vizuri.

Betri hiyo ina faida ya wazi umeme unapokatika. Spika iliyojaa chaji na kompyuta yenye chaji vinaendelea. Projekta isiyo na betri ndiyo inayozima. Kabla ya onyesho ni bora kuwa na betri kubwa au jenereta ya projekta peke yake, na jenereta ikae mbali, kwa sababu ya moshi wake kwanza, kisha kelele.

Kwa mechi ya moja kwa moja hali ni nyingine. Timu ya TP Mazembe ikicheza, na picha ikitoka kwenye dekoda, herufi J haina msaada, maana sauti inayotakiwa kusogezwa mbele bado haijafika. Kinachowezekana ni kuichelewesha picha, na projekta nyingi haziwezi. Baadhi ya vitumaji hutumia mfumo wa aptX Low Latency, unaoshusha ucheleweshaji hadi kama milisekunde 40, mradi spika nayo iwe na mfumo huohuo. Upande mmoja ukiukosa, mara nyingi vifaa vyote viwili vinarudi kwenye SBC. Spika nyingi za Bluetooth zina tundu dogo la waya nyuma, mara nyingi limefunikwa na kifuniko cha mpira. Sauti ya waya haipitii safari hiyo ya Bluetooth, kwa hiyo kwa mechi nunua waya wenye urefu wa kutosha, upitishe pembezoni mwa ukuta usimkwaze mtu, uchomeke hapo.