Mganga, Mkemia na Siri ya Dawa

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, ndiyo iliyomtoa mganga wa mitishamba wa Tanzania katika hali ya kuvumiliwa tu na kumweka katika hali ya kutambuliwa, kwani iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chombo kilicho chini ya Wizara ya Afya chenye jukumu la kusajili waganga, vituo vyao na dawa zao. Kabla yake mganga aliishi kwa muda mrefu chini ya kivuli cha sheria ya uchawi ya mwaka 1928, iliyotungwa na Waingereza, ambayo haikukusudiwa kumkamata mchimba dawa lakini ilichangia kumfanya aonekane kundi moja na mpiga ramli.

Mchanganyiko huo haujaisha. Mwanzoni mwa mwaka 2015, mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa nchi, Serikali iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli, na operesheni ya polisi iliyofuata iliwatia hofu hata wale ambao hawajawahi kushika tunguri. Kwa hiyo cheti cha Baraza kina thamani ambayo mara nyingi haisemwi: kinamtenga anayetibu kwa majani na mizizi na anayefanya ramli chonganishi, yaani ile inayomtaja jirani au ndugu kuwa ndiye chanzo cha maradhi. Hata utaratibu wa kukipata si mgeni kwa waganga wengi. Mwombaji huanzia kwa viongozi wa kijiji au mtaa wake, ambao huthibitisha kuwa anajulikana kwa kazi hiyo, kisha maombi hupitia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri kabla ya kufika kwenye Baraza. Ushuhuda wa majirani ni desturi yao, kwani tangu zamani mganga hakujitangaza mwenyewe, alitajwa na waliopona.

Ugumu huanza pale kinachosajiliwa si mtu bali dawa. Sampuli hupelekwa maabara, ikiwemo ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ili ichunguzwe usalama wake: kama ina sumu, kama imeingiwa na metali nzito mfano wa risasi, kama ina vimelea vinavyotokana na maji machafu au unga ulioanikwa chini. Uchunguzi huu hauna mbadala. Duniani kote zimekamatwa dawa zinazoitwa za asili, hasa za nguvu za kiume, ambazo ndani yake mna sildenafili, kemikali ya viwandani inayoweza kushusha shinikizo la damu kwa kiwango cha kuua iwapo mgonjwa anatumia pia dawa za moyo za jamii ya naitreti. Mgonjwa wa namna hiyo hana njia ya kujilinda, kwa sababu ameambiwa anakunywa mzizi.

Hata hivyo, waganga wanaposita kupeleka dawa zao si haki kuwahesabu wote kuwa wana la kuficha kwa mgonjwa. Wengi wanaficha kwa mshindani. Elimu ya dawa, ambayo aghalabu hurithishwa kwa mtoto mmoja aliyechaguliwa au, kwa maelezo ya waganga wenyewe, huoteshwa na mizimu, ndiyo shamba na ndiyo akiba ya familia, na anayeitoa bila mkataba hana pa kwenda kudai. Hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi ya kunufaika peke yake na uvumbuzi wake kwa muda maalumu, hudai jambo liwe jipya, ilhali sifa ya dawa ya jadi ni ukale wake. Pengo hilo ndilo lililozifanya nchi wanachama wa shirika la miliki bunifu la Afrika, ARIPO, zipitishe mwaka 2010 mjini Swakopmund, Namibia, itifaki ya kulinda maarifa ya jadi, iliyoanza kutumika mwaka 2015. Lakini itifaki iliyo kwenye makabati bado haijamfikia mzee wa Handeni au Sumbawanga anayeulizwa jina la mti wake.

Hapa ndipo mamlaka zinapopaswa kutenganisha mambo mawili ambayo mganga huyaona kuwa moja. Kupima usalama wa unga uliokwisha kutwangwa kunaweza kuanza bila kumlazimisha mwenyewe kutaja kila mti na kipimo chake. Kuthibitisha kwamba dawa inaponya ni kazi nyingine, ya miaka, inayohitaji watafiti kama wa Taasisi ya Dawa Asili ya Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 ikiwa kitengo cha utafiti, na kazi hiyo haiwezekani bila kuujua mti. Mkataba, basi, uwekwe kabla ya kazi hiyo ya pili, uandikwe kwa Kiswahili, utaje mgawo wa mapato na ushuhudiwe na viongozi walewale wa kijiji waliomtambulisha mganga.

Bila hivyo, Baraza litaendelea kuwa na daftari la waganga lililo nene kuliko daftari la dawa, na mgonjwa, ambaye kwa ajili yake sheria ilitungwa, atapewa jina lililosajiliwa la anayemtibu huku chupa anayokunywa ikiwa haijapita mbele ya mkemia yeyote.