KUCHAGUA VYOMBO VYA KUVULIA SAMAKI KWA NDOANA: MAFUNDISHO KWA WANAOANZA, MTONI LUFIRA KARIBU NA KONI

Katika vijiji vyetu wako watu wengi wanaotaka kuvua samaki lakini hawajafundishwa. Mmoja ameacha kazi ya mgodi, mwingine ni mama mwenye watoto wengi, mwingine ni kijana aliyemaliza shule naye hana kazi. Wote huuliza neno moja: ninunue nini? Wakienda sokoni Likasi huona vitu vingi vinavyong'aa, hutoa fedha nyingi, kisha hurudi na ndoana isiyoweza kuingia kinywani mwa samaki wetu. Fedha imekwisha, na jioni ugali huliwa bila kitoweo. Kwa sababu hii someni maneno haya mpaka mwisho, na mwenye kujua kusoma awasomee wasiojua.

Neno kubwa ni hili: mtazame samaki kwanza, ndipo utafute chombo. Tena anayeanza hana haja ya kununua vitu vingi. Mshipi na ndoana vyatoka dukani. Vingine vyote vyapatikana kijijini.

1. SAMAKI WETU NI WA NAMNA GANI?

Mto Lufira hupita Mwadingusha, kisha hushuka hadi Koni. Bwawa la Mwadingusha lilimalizwa mwaka 1930, na maji yaliyozuiwa nyuma yake yakawa ziwa Tshangalele. Bwawa la Koni lilianza kazi mwaka 1950. Kwa hiyo tunayo maji ya namna mbili: maji yaliyotulia penye matete, na maji yaendayo mbio juu ya mawe.

Tilapia hupenda maji yaliyotulia. Mwili wake ni mpana, kinywa chake ni kidogo. Wako wanaokula majani ya majini, na wako wanaokula uchafu laini wa chini. Hawa wa pili hawaikubali ndoana upesi.

Makobo ana kinywa kikubwa, naye hukamata samaki wadogo. Hujificha kando ya majani na magogo.

Kambale hana magamba. Hukaa chini penye tope, hutafuta chakula kwa ndevu zake, na zaidi hutembea usiku. Ana nguvu nyingi.

Basi, ukijua unamtafuta nani, umekwisha kujua nusu ya kazi.

2. VYOMBO VYA NCHI ZA BARIDI

Watu wengine wameona picha za wavuvi wanaosimama mtoni na ufito mwembamba, wakirusha inzi bandia wa manyoya. Uvuvi huo ni mzuri, lakini una samaki wake. Samaki huyo ni trauti. Alitoka nchi za mbali. Mayai yake yaliletwa Kenya mwaka 1905, akakaa katika mito ya baridi ya milimani. Trauti hutaka maji baridi yenye hewa nyingi. Maji ya Lufira yana joto, hayamfai.

Tena inzi wa manyoya hana uzito wowote. Kwa hiyo wavuvi wale hutumia mshipi mnene na mzito, na uzito wa mshipi ndio unaompeleka inzi mbali. Mshipi huo wataka ufito wa kiasi chake, na gurudumu la kukunjia, na ncha nyembamba ya kufungia inzi. Vitu vinne, na vyote sharti vilingane. Kimoja kikikosa kiasi, vingine havifanyi kazi. Wewe unayeanza hapa Koni, usitoe fedha kwa vitu hivyo. Lakini shika fundisho lililomo ndani yake: vyombo vyote vilingane, na vyote vimfae samaki.

3. UFITO

Kata mwanzi ulionyooka, urefu wake mita tatu mpaka nne. Usichague ulio mbichi sana wala wenye matobo ya wadudu. Uondoe matawi, uufunge juu ya mti ulionyooka, uuache kivulini majuma kadhaa ukauke. Ukiuanika juani utapasuka.

Ukisha kukauka, shika upande mnene na kuutikisa. Ncha ipinde, shina lisipinde sana. Ufito mgumu kama mchi hukata mshipi, kwa sababu haumfuati samaki anapovuta. Ufito ulio laini mpaka chini hauna nguvu ya kumwinua.

Angalia na jambo hili: usifunge mshipi kwenye ncha peke yake. Ufunge kwanza katikati ya ufito, uuzungushe mpaka kwenye ncha, uufunge tena hapo. Kama ncha ikivunjika, samaki hatakwenda na mshipi wako, maana bado umefungwa nyuma.

4. MSHIPI

Zamani wazee walisokota nyuzi za miti. Siku hizi nailoni yapatikana kila soko. Juu ya kibao chake imeandikwa namba ya unene. Kwa tilapia chagua 0.25. Kwa kambale chagua 0.40 au 0.50. Mwenye fedha ya mshipi mmoja tu anunue 0.30, akaanze na samaki wa kadiri.

Mshipi mnene huonekana na samaki, tena huzuia chambo kutembea vizuri. Usiseme, "Mnene una nguvu, basi ni bora." Ufito unaopinda husaidia mshipi mwembamba kumshinda samaki.

Kabla ya kununua, fungua kidogo na uupitishe katikati ya vidole. Ukiona umekwaruzika au umekuwa mweupe kama unga, uuache. Nailoni iliyokaa juani katika meza ya sokoni huwa dhaifu.

Urefu wa mshipi ulio huru, kutoka ncha ya ufito, uwe sawa na ufito wenyewe. Hivyo samaki akitolewa majini atakuja mkononi mwako.

Kufunga ndoana: pitisha mshipi katika tundu, uzungushe mara tano juu ya mshipi wenyewe, rudisha ncha katika kitanzi kilicho karibu na tundu. Lowesha kwa mate, ndipo ukaze polepole. Fundo likikazwa kavu hupata joto na kukatika.

5. NDOANA

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanadhani ndoana kubwa itakamata samaki mkubwa. Tilapia mkubwa ana kinywa kidogo. Hula chambo chote pembeni, na ndoana hubaki tupu.

Jueni hesabu ya ndoana, maana ni ya kugeuka. Namba ikipanda, ndoana hupungua. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Lakini ukiona 1/0, 2/0, 3/0, hapo ndoana huongezeka.

Tilapia: namba 8 mpaka 12.
Makobo: namba 2 mpaka 6.
Kambale: 1/0 mpaka 3/0.

Pima ukali wake juu ya ukucha. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, inoe juu ya jiwe laini. Ndoana yenye kutu itupe shimoni, si njiani ambapo watoto hupita bila viatu.

6. BOYA NA CHUBWI

Boya hukuonyesha kwamba samaki ameuma. Tumia kipande cha bua kavu la mtama, kizibo cha chupa, au unyoya mnene wa kuku. Boya liwe dogo. Samaki akilivuta na kuona uzito, hutema chambo.

Chubwi hushusha ndoana. Tumia nati ndogo ya chuma au kijiwe chenye tundu. Msitumie risasi ya betri kuukuu! Katika nchi yetu ya migodi na magari vyuma hivi viko vingi, na watu huviyeyusha nyumbani. Moshi wake na vumbi lake ni sumu. Huharibu akili ya mtoto na damu ya mama mjamzito. Wala usiikaze risasi kwa meno.

Jaribu boya na chubwi katika karai la maji kabla ya kwenda mtoni. Boya likisimama na kuonyesha kichwa tu, vyalingana.

7. CHAMBO

Kwa tilapia weka kipande kidogo cha mnyoo au ugali uliokandwa vizuri. Kwa makobo weka samaki mdogo. Kwa kambale weka mnyoo mkubwa au matumbo ya kuku, uache chambo kilale chini. Ukimkamata kambale, mshike nyuma ya kichwa; miiba ya mapezi yake huchoma vibaya.

8. VYOMBO VISIVYOFAA

Chandarua cha mbu si chombo cha kuvulia. Matundu yake ni madogo sana, hukokota watoto wa samaki pamoja na mayai. Leo utajaza sahani moja. Mwaka ujao hutapata samaki wa kujaza mkono. Na usiku huo mbu watamwuma mwanao, apate malaria.

Buba na sumu nyingine ni vibaya zaidi, maana huua wakubwa na wadogo, na maji hayo hunywewa na jirani zako walio chini. Ndoana ina heshima hii: huchukua samaki mmoja mmoja, nawe waweza kumrudisha aliye mdogo.

9. JILINDE

Usivue chini kidogo ya ukuta wa bwawa wala mbele ya milango yake. Wafanyakazi wa umeme wakifungua, maji hupanda ghafula na mawe uliyosimama juu yake huzama. Usiingie majini kiunoni penye matete. Ufito mrefu umefanywa ili usimame pakavu, mbali na mamba.

Usivue mahali maji ya viwanda yanapoingia. Wataalamu waliopima samaki wa ziwa Tshangalele wamekuta ndani yao shaba na kobalti nyingi. Vyuma hivyo haviondoki kwa kuchemsha. Tupa matumbo na ini, msile samaki wa maji hayo kila siku, na hasa watoto wapewe pia maharagwe na mayai.

Kabla ya kuanza, muulize chifu na wakubwa wa mazingira siku ambazo uvuvi umefungwa. Samaki akizaa kwa amani, mto hujaa.

SHIKENI HAYA

Samaki kwanza, chombo baadaye.
Ufito upinde nchani.
Mshipi uwe mwembamba wa kutosha.
Ndoana iingie kinywani.
Boya na chubwi vilingane.

Anza na ufito mmoja, mshipi mmoja na ndoana tano. Ukisha kula samaki wako mwenyewe mara kumi, utajua bila kuuliza mtu kitu gani kinakupungukia. Hapo ndipo uende sokoni na fedha yako, ununue kitu hicho tu. Zinazobaki ni za daftari za watoto na chumvi ya nyumba.