Banda la Nailoni na Joto la Pwani

Katika nchi za baridi, mkulima huezeka banda la nailoni ili alinase joto la jua, apande mboga mapema na kuvuna hata baridi ikishaingia. Sisi wa pwani joto tunalo tele. Faida yetu ni nyingine. Paa huzuia mvua ya masika isiloweshe majani, na ukungu wa nyanya hupungua. Lakini mvua isipoingia, maji hatuna budi kuyapeleka wenyewe kwa mipira ya matone. Nalo joto likipita nyuzi 35, maua ya nyanya huweza kupukutika bila kuzaa. Basi, kabla ya kutoa akiba ya nyumba, tuhakikishe paa liko juu, na ubavuni pana wavu badala ya nailoni, upepo upate kupita.