Shabani Nonda, Mtoto wa Pande Mbili za Ziwa

Jina la Shabani Nonda lina wenyewe wengi. Sisi wa Uvira twasema ni wetu, kwani kwa asili ni Mkongo, na jezi ya taifa aliyoivaa akiwa mtu mzima ni ya Kongo. Jirani zetu wa Bujumbura nao wadai ni wao, kwani huko ndiko alikozaliwa tarehe 6 Machi 1977, na huko ndiko alikojifunza kuupiga mpira. Hata watu wa Dar es Salaam hawakosi neno, maana aliichezea Yanga kabla Ulaya haijamjua.

Msomaji aliye mbali na ziwa letu pengine atastaajabu: yawezekanaje mtu mmoja awe wa nchi mbili? Lakini anayekaa Kavimvira hastaajabu. Usiku taa za Bujumbura zaonekana kutoka kwetu kama nyota zilizoangukia majini. Ndagala wanaovuliwa upande huu huliwa na upande ule. Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi kinasikika vizuri sokoni Uvira. Mpaka upo, tena katika miaka ya vita umekuwa mpaka wa machozi. Lakini koo zetu zimepita juu yake tangu zamani. Hata jina la mchezaji huyu laonyesha jinsi tulivyochanganyika: kwa kirefu aitwa Shabani Christophe Nonda.

Basi, alianzia katika timu za Bujumbura. Burundi ni nchi ndogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 hakuna aliyetumwa kutoka Ulaya kuja kutafuta wachezaji huko. Kijana hakuruka moja kwa moja mpaka Ufaransa. Alikwenda kwanza Dar es Salaam, kwa njia ambayo wafanya biashara wa ziwa wanaijua tangu enzi za babu zao. Kutoka Yanga akaenda Afrika ya Kusini, katika timu ya Vaal Professionals. Kutoka huko akaenda Uswisi, katika timu ya Zürich. Kila mahali alikuwa mgeni, na kila mahali ilimpasa kuanza upya. Katika msimu wa 1997-98 akawa mfungaji bora wa ligi ya Uswisi, naye alikuwa na miaka 21 tu. Mwaka 1998 timu ya Rennes ikamchukua Ufaransa, na mwaka 2000 Monaco ikamnunua kwa fedha nyingi.

Monaco ni nchi ndogo kuliko mitaa mingi ya miji yetu, lakini timu yake ilikuwa kubwa. Huko Nonda alifikia kilele. Msimu wa 2002-03 alifunga mabao 26, akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya Ufaransa. Monaco ilishika nafasi ya pili, ikipitwa na Lyon kwa pointi moja tu, ikapata Kombe la Ligi kwa kuifunga Sochaux mabao 4 kwa 1. Mshambuliaji mwenye miaka 26, mwenye afya na sifa, ambaye msimu ujao angecheza katika Ligi ya Mabingwa wa Ulaya! Ni nani asingemwona kuwa mtu mwenye heri?

Mwezi wa Agosti 2003, msimu ukiwa ndio kwanza umeanza, Monaco ilicheza na Paris Saint-Germain. Katika mchezo huo Nonda aliumizwa vibaya goti, kano zikakatika. Wasomaji wanaojua mpira wanaelewa maana yake. Hilo si jeraha la kufunga kitambaa na kurudi kiwanjani baada ya juma moja. Ni kupasuliwa, ni kujifunza tena kutembea, kisha kukimbia, kisha kugeuka ghafula bila kuogopa. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwani goti hupona kabla moyo haujapona. Wengi hurudi wakiwa si wale waliokuwa, na wengine hawarudi kabisa.

Timu haiwezi kumngoja mgonjwa. Monaco ilimwazima Fernando Morientes kutoka Real Madrid, naye akafunga mabao 9 katika mashindano yale ya Ulaya, kuliko mchezaji mwingine yeyote mwaka huo. Hata Real Madrid yenyewe ilitolewa na Monaco katika robo fainali. Fikirini hali ya mtu aliyekaa kando na goti lake, akiwaona wenzake wanashangiliwa, na pale alipokuwa akisimama yeye amesimama mwingine, tena anafanya vema. Sisi tunaona kwamba miezi ile yatufundisha habari za mtu huyu kuliko mabao yake yote 26.

Tarehe 20 Aprili 2004 Monaco ilipambana na Chelsea ya Uingereza nyumbani kwake katika nusu fainali. Mchezo ulikuwa bao 1 kwa 1, na Monaco ilikuwa imepungukiwa na mtu mmoja aliyetolewa kwa kadi nyekundu. Watu kumi dhidi ya kumi na mmoja! Dakika ya 78 Morientes akafunga. Kisha mwalimu wa timu, Didier Deschamps, akamwingiza Nonda. Alikuwa hajamaliza kupasha mwili moto alipoutia mpira wavuni, dakika ya 83. Monaco 3, Chelsea 1. Katika mchezo wa marudiano jijini London timu hizo zilitoka sare ya 2 kwa 2, na Monaco ikapita.

Fainali ilichezwa Gelsenkirchen, Ujerumani, tarehe 26 Mei 2004. Nonda aliingia katika kipindi cha pili, lakini Porto ya Ureno ilikuwa na nguvu mno siku ile, ikashinda mabao 3 kwa 0. Mtoto aliyezaliwa ukingoni mwa Tanganyika alirudi bila kombe, lakini aliicheza fainali hiyo kwa goti ambalo miezi tisa nyuma lilikuwa limekatika.

Baadaye alichezea Roma, akaazimwa kwa Blackburn ya Uingereza, kisha mwaka 2007 akaenda Galatasaray ya Istanbul, akawa bingwa wa Uturuki mwaka 2008. Aliiacha timu hiyo mwaka 2010.

Hapa tungependa kusema na wazazi, kwani sisi walimu twasikia mengi darasani. Kijana aliyesikia habari za Nonda huona Monaco tu, haoni Vaal wala Zürich. Naye akija mtu aliyevaa vizuri, akisema, «Nipeni dola kadhaa, nitampeleka mtoto wenu Ulaya», baba huuza shamba au mtumbwi. Jueni basi kwamba tangu mwaka 2001 FIFA imekataza wachezaji walio chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa katika kanuni. Tena timu inayomtaka mchezaji kweli ndiyo inayotoa fedha, haiwaombi wazazi.

Kuhusu kuchagua taifa, tuna mfano mwingine. Saido Berahino naye alizaliwa Bujumbura, mwaka 1993. Baba yake alikufa katika vita mwaka 1997, naye akiwa na miaka kumi akaenda kuungana na mama yake Birmingham. Alikua huko, akaichezea West Bromwich Albion, na mwaka 2014 akaitwa katika kikosi cha taifa la Uingereza, ingawa hakuingia uwanjani. Mwaka 2018 akarudi kuivalia Burundi jezi, akafunga bao katika mchezo wake wa kwanza, dhidi ya Gabon. Nonda alikuwa ameichagua Kongo, nchi kubwa ya watu wake, akafika nayo robo fainali ya Kombe la Afrika la 2002 kule Mali. Berahino aliichagua nchi ndogo. Hatuwezi kumlaumu hata mmoja wao. Kila mmoja alikwenda kwa damu yake.

Tarehe 23 Machi 2019 Burundi ilitoka sare ya 1 kwa 1 na Gabon jijini Bujumbura, ikapata kwa mara ya kwanza nafasi ya kwenda Kombe la Afrika. Huko Misri, Berahino akiwa nahodha, ilifungwa na Nigeria, na Madagaska, na Guinea, bila kupata hata bao moja. Nonda alikuwa amekwisha kutundika viatu vyake.