Kuku wa Hawaii Katika Jiko la Nakuru



Jamaa zetu wengi wa pwani wamehamia Nakuru kwa kazi na biashara, na akina mama wa huko hutuuliza juu ya vyakula vya kigeni ambavyo watoto huviona kwenye simu na kuvitaka nyumbani. Safari hii swali ni la kuku wa kuchoma wa Hawaii: je, yafaa kwa Mwislamu, na hupikwaje?

Kuku huyu huitwa huli-huli. Asili yake ni visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki, ambako mfanyabiashara wa kuku, Ernest Morgado, aliwachomea wakulima mwaka 1955. Neno huli kwa lugha ya wenyeji ni kugeuza, kwani kuku alibanwa baina ya nyavu mbili na kugeuzwa juu ya makaa. Anayejua kuku wa kupaka hatashangaa. Makaa ni yale yale na kupaka ni kule kule, ila mahali pa tui la nazi hutumika mchuzi wa soya, maji ya nanasi, tangawizi, thomu na sukari.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha tule kilicho halali na kilicho chema. Hayo ni masharti mawili, na moja halitoshi bila ya jenzake.

Tuanze na uhalali. Wengi wetu huuliza kama kuku amechinjwa kisheria, kisha huishia hapo, ilhali hatari nyingine imo ndani ya bakuli la viungo. Baadhi ya mapishi ya kuku huyu hutiwa sheri, ambayo ni mvinyo, au mirini, ambayo ni pombe ya mchele ya Kijapani. Wapo wasemao kuwa moto huimaliza pombe. Hoja hiyo haisimami, kwani katika madhehebu yetu ya Shafi'i pombe ni najisi, na moto hautoharishi kilichonajisika. Badala yake na itiwe siki au ndimu. Maandishi ya chupa ya mchuzi wa soya nayo yasomwe, na ichaguliwe yenye alama ya halali.

Kisha kuna wavu. Majirani huazimana vyombo, na hilo ni jambo jema. Lakini wavu uliochomewa nguruwe, katika madhehebu yetu, huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wepesi zaidi ni kila nyumba kuwa na wavu wake.

Sasa tuje kwenye mapishi. Kwa kuku mmoja aliyekatwa vipande, changanya nusu kikombe cha mchuzi wa soya, nusu kikombe cha maji ya nanasi, vijiko vinne vya sukari guru, vijiko viwili vya siki, tangawizi na thomu zilizopondwa. Usitie chumvi, kwani soya inayo ya kutosha. Theluthi ya mchuzi huo iwekwe kando kabla haujagusa nyama mbichi. Hiyo ndiyo ya kupaka mwishoni. Nanasi bichi lina kimeng'enya kilainishacho nyama, na kuku akilazwa humo usiku kucha hurojeka. Saa mbili au tatu zinatosha.

Makaa yawe yameshika majivu meupe, bila ya ndimi za moto, kwani sukari huungua upesi na kuacha ndani mbichi. Geuza mara kwa mara, na upake mchuzi uliowekwa kando katika dakika za mwisho. Kuku ameiva pale maji yatokayo kwenye paja, karibu na mfupa, yanapokuwa meupe bila ya wekundu. Kuku wa kienyeji achemshwe kwanza. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi, basi wa pwani asihesabu dakika alizozizoea Mombasa, aongeze.

Limebaki sharti la wema, nalo halimo katika nyama peke yake. Usiku wa Nakuru una baridi, na nafsi hushawishika kuyaingiza chumbani makaa yaliyobaki. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu, nayo imeua watu wakiwa usingizini. Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha kutukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala. Basi chomeni uani, mmegeeni jirani sehemu yake, kisha yamwagieni makaa maji kabla ya kufunga mlango.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zenu na azilinde nyumba zenu. Wallahu a'lam.