Unataka kujenga reli ya Same sebuleni? Pima kwanza, nunua baadaye

Reli ya kutoka Tanga hadi Moshi ina urefu wa takriban kilomita 352. Ukiipunguza mara 87, skeli inayotumika zaidi duniani kwa treni za mfano, bado utahitaji kilomita 4 za reli. Hakuna sebule ya hivyo, si Same wala Masaki.

Ndiyo maana kazi ya kujenga reli ndogo nyumbani haianzii dukani. Inaanza na tepu ya kupimia, penseli na uamuzi mmoja: utajenga kipande gani?

Kwa nini Same inafaa

Ujenzi wa reli hii ulianza Tanga mwaka 1893 enzi za Wajerumani, na ikafika Moshi mwaka 1911. Baadaye treni ya abiria ilisimama kwa takriban miaka 25, ikarudi Desemba 2019. Yaani kuna watu wa Hedaru, Makanya, Same na Lembeni waliokua wakiiona reli kila siku bila kuona treni ya abiria ikipita juu yake.

Wazee wanaokumbuka stesheni zikiwa na pilikapilika bado wapo. Ukitaka kuijenga stesheni yao kwa mfano, itabidi uwaulize: paa lilikuwa la rangi gani? Njia ya pembeni ilipita wapi? Mizigo ilipakiwa upande upi? Majibu hayo hayauzwi dukani, na hayatakuwepo milele.

Mandhari nayo inakusaidia. Ukitoka Tanga kwenda Moshi, milima inakaa mkono wa kulia na tambarare mkono wa kushoto. Kwa hiyo ubao wako unaweza kuegemea ukuta: mlima nyuma, reli katikati, mkonge na vichaka mbele.

Chagua kipande kimoja tu

Stesheni moja inatosha. Behewa la mita 20 likipunguzwa mara 87 linakuwa na sentimita 23. Kichwa cha treni na mabehewa manne vinafika kama mita 1 na sentimita 20. Ubao wa mita 3 kwa nusu mita unaubeba mji mdogo vizuri.

Wengi hutamani treni izunguke duara. Sawa, lakini hesabu nafasi. Kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 45 inataka ubao wa upana wa karibu mita 1. Plaiwudi ya futi 4 kwa 8 inatosha, ila ukiisukuma ukutani mkono hautafika nyuma treni ikianguka. Kama ubao unakaa ukutani, upana usizidi sana sentimita 60. Treni iende stesheni na kurudi, inatosha.

Mlima nao lazima udanganye kidogo. Kilele cha Shengena, mita 2,462, kiko zaidi ya mita 1,500 juu ya mji wa Same. Kwa skeli ya 1:87 hiyo ni mita 17 na zaidi, yaani inatoboa paa. Jenga miteremko ya chini tu, kilele kichore ukutani.

Mtego wa upana wa reli

Hapa ndipo hela hupotea. Treni nyingi za mfano za skeli ya 1:87 hutembea kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5. Zidisha mara 87, unapata milimita 1,435. Hiyo ni SGR. Reli ya Same ni MGR, upana wake ni mita 1 kamili, na kwa skeli hiyo inatakiwa milimita 12.

Una njia tatu. Ya kwanza, kubali tofauti hiyo, kwa kuwa wageni wengi hawataiona. Ya pili, tafuta treni za milimita 12, ambazo nyingi hutengenezwa kwa kufuata reli za milimani za Uswisi. Ya tatu, tumia reli ya milimita 16.5 lakini mabehewa na majengo uyatengeneze mwenyewe kwa skeli ya 1:60. Hapo upana unakubaliana na MGR, ila kila kitu kinakuwa kikubwa na kinakula nafasi zaidi.

Amua kabla ya kulipa. Ukishanunua reli, skeli imeshaamuliwa.

Umeme: usicheze

Treni hizi nyingi hutumia umeme wa volti 12 hivi, unaopita kwenye reli zenyewe. Umeme wa ukutani ni volti 230, na haupaswi kugusa reli hata kwa bahati mbaya. Tumia kifaa chake cha kupunguza umeme.

Ukiletewa seti ya mtumba kutoka Marekani, soma maandishi nyuma ya kifaa hicho. Kama kimeandikwa volti 110 au 120, kukichomeka moja kwa moja ni kukiunguza, na kinaweza kuwasha moto. Wengine hutumia betri ya pikipiki umeme ukikatika. Inawezekana, lakini lazima iwe na fyuzi, maana shoti ya betri inatosha kuchoma waya.

Jenga kwa mpangilio huu

Chora ramani kwa ukubwa halisi kwenye karatasi au maboksi yaliyofunguliwa. Tandaza juu ya meza, weka mabehewa, angalia kama yanaenea.

Kisha tengeneza fremu na ubao imara. Laza reli juu ya sponji nyembamba ngumu ili kupunguza kelele. Endesha treni siku kadhaa kabla ya kupamba chochote, kwa sababu kurekebisha kiungo kibovu chini ya mlima ni kuubomoa mlima.

Baada ya hapo kokoto: chekecha mchanga, mwaga katikati ya mataruma, dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji na tone la sabuni.

Mlima ni wavu wa kuku, magazeti na plasta. Plasta hutokana na jasi, ambayo mafundi huiita jipsamu, na jasi huchimbwa Makanya, wilayani Same. Nyuzi za katani zikikatwa fupi zinakuwa majani makavu ya kiangazi. Unga wa mbao kutoka kwa seremala, ukipakwa rangi ya kijani, unakuwa vichaka.

Vumbi ni adui. Funika kwa shuka ukimaliza, na futa reli kwa kitambaa chenye spiriti, umeme ukiwa umezimwa.

Na kichwa cha treni?

Kuna mashine moja yenye jina la nyumbani. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yanatunza kichwa cha mvuke namba 5930, kiitwacho Mount Shengena. Ni cha daraja la 59, vichwa 34 vilivyotengenezwa Uingereza miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Vilifanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi, si Same. Urefu wake ni karibu mita 32, sawa na sentimita 36 mezani.

Kwa hiyo kwenye ubao wako Shengena ya chuma inaweza kupita chini ya Shengena ya plasta. Historia haikuruhusu, ila ubao ni wako.

Huna bajeti ya treni ya umeme? Anza na stesheni. Boksi la viatu, rula, gundi na picha ya jengo la zamani vinatosha wikiendi moja. Treni itafuata, na ikifika itakuta pa kusimama.