Takataka Zinazozunguka Dunia

Barabara iliyojaa magari mabovu haipitiki upesi, hata dereva akiwa hodari namna gani. Barabara ya kwenda mwezini na kwenye sayari yaelekea kuwa hivyo.

Tangu Oktoba 4, 1957, Warusi waliporusha Sputnik, mataifa yamepeleka juu maelfu ya vyombo. Vingi vyatufaa sana: vyatupasha habari za mvua, vyapeleka sauti kutoka bara hata bara. Lakini chombo kikiisha kazi yake hakishuki mara moja. Vanguard 1 ya Wamarekani ilirushwa mwaka 1958, ikanyamaza mwaka 1964, na hata leo yaizunguka dunia bure. Kilicho chini huzuiwa na hewa kidogo iliyoko huko, kikashuka baada ya miaka. Kilicho juu sana chaweza kukaa karne nyingi.

Ubaya wenyewe ni mwendo. Vitu hivyo huenda yapata kilometa 7 kwa sekunde moja, hata msumari mdogo waweza kutoboa chuma. Tarehe 10 Februari 2009, juu ya Siberia, Kosmos 2251 ya Warusi, iliyokwisha kufa zamani, iligongana na Iridium 33 ya kampuni ya Marekani iliyokuwa ikifanya kazi. Vilitokea vipande vikubwa zaidi ya 2,000. Hiyo ilikuwa ajali. Wachina, mwaka 2007, walikivunja chombo chao wenyewe kwa makusudi ili kujaribu silaha, wakaacha vipande zaidi ya 3,000. Nasi hatuoni neno la kuwatetea.

Mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani, Donald Kessler, alikwisha kuonya: kipande kitapiga chombo, chombo kitazaa vipande, navyo vitapiga vingine, mfano wa moto wa nyika urukao toka kichaka hata kichaka. Ikiwa hivyo, wajukuu wetu watakaotaka kusafiri mbali watazuiwa mlangoni.

Basi, kwa nini havifagiwi? Gharama ni kubwa, lakini sheria nayo ni ngumu. Kwa mkataba wa mwaka 1967 anga si mali ya taifa lolote, lakini chombo hubaki cha mwenyewe hata kikifa, wala jirani hana ruhusa ya kukiondoa pasipo kibali chake. Mkataba wa mwaka 1972 wamtaka mrushaji alipe hasara iletwayo na chombo chake duniani. Kosmos 954 ilipoanguka Kanada mwaka 1978 na sumu yake ya atomiki, Warusi walilipa dola za Kanada milioni 3, yaani nusu tu ya zile walizodaiwa.

Hata Afrika imefikiwa. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi iliwaangukia watu wa kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Kwa bahati njema hakuumia mtu.

Mwaka 2022 Marekani iliagiza vyombo vya chini vishushwe katika miaka 5 baada ya kazi, badala ya 25 ya desturi ya kwanza. Agizo hilo ni la vyombo vipya. Vile vya zamani vingali vinazunguka, na wenyewe hawajapatana ni nani atakayetangulia kuvishusha.